Namba ya Kalipring

Bagyo alipofariki, ofisi yetu ya Yogyakarta ilimkabidhi Wening programu aliyoiandika: ile inayoliza ving'ora vya mtoni, mvua ikishusha tope la mlimani.

Wening hakuisoma kama gazeti. Alishika kitu kimoja, kina cha maji, akakifuata mstari kwa mstari kinakoingia na kinakotokea. Baada ya wiki mbili alimjua Bagyo kuliko sisi tuliokula naye miaka sita.

"Hapa alikuwa amechoka," alininong'oneza. "Ona, hata majina anayafupisha."

Wakati mwingine aligeuka nyuma ghafla, kama mtu aliyeitwa.

Kisha, katika kusoma kwake, akafika kwenye kijiji cha Kalipring. Ving'ora vya vijiji vingine vililia maji yakifika mita tatu. Cha Kalipring, mita moja na nusu. Kila msimu wanakijiji walikimbia bure.

"Kosa hilo, futa," alisema bosi wetu, Hardono. "Wamenichosha na malalamiko yao."

"Bosi, huyu hakosei hivi."

"Dada, siku hizi unatetea maiti?" nikamtania.

Hakucheka. Alifungua kumbukumbu ya mabadiliko, inayohifadhi kila kilichoguswa na siku kilipoguswa. Zamani Kalipring nayo ilikuwa mita tatu. Halafu, tarehe kumi na nne Februari, Bagyo aliibadilisha namba ile mara thelathini na moja. Siku nzima hakugusa kingine.

Nilipoiona tarehe, nilikumbuka. Siku tatu kabla yake, maji yalilisomba daraja la Kalipring pamoja na watu saba waliokuwa wakivuka. King'ora kililia, lakini wakati huo walikuwa tayari katikati ya daraja.

Wening alichukua vipimo vya maji vya siku ile ya daraja, akairudia hesabu ya Bagyo, namba moja baada ya nyingine, kwa sauti.

"Mbili na nusu, wanakufa watano. Mbili, watatu." Akaishusha namba tena. "Mbili kasorobo, mmoja. Moja na nusu... wanavuka wote."

Hardono alivuta kiti akaketi. Hakutamka tena neno kufuta. Kesho yake alikwenda Kalipring mwenyewe, akawaeleza wanakijiji kwa nini watakimbia bure tena.

Wening aliomba kazi nyingine.

"Programu yenyewe ni nzuri, kaka," aliniambia akikusanya vitu vyake mezani. "Ila nimekaa mno kichwani mwa yule mtu. Nikifumba macho, bado anajaribu namba."