Maji Yale Yale

Muuguzi alikuwa ameinamia sinki, povu limemjaa mpaka masikioni, msusi wake, Mama Pacha, alipofungua bomba na sinki likagoma. Maji yalipanda taratibu yakiwa na weusi wa jana na harufu ya juzi, yakaja kusimama chini kidogo ya pua ya mteja.

"Inuka, dada," alisema Mama Pacha. "Inuka kabla hayajakubusu."

Alimfunga taulo kichwani pamoja na povu lake, akamkalisha kitini na kumwomba radhi. Muuguzi hakuwa mtu wa kelele. Alisema atangoja, alimradi asiende zamu ya jioni na sabuni kichwani, maana wodi ya wazazi ina vituko vya kutosha.

Lakini nafasi ya kungoja haikuwapo. Asubuhi ile msimamizi wa nyumba, mwanamume mwenye funguo nyingi na maneno machache, alipita mlangoni kusema kwamba mwenye nyumba anakuja alasiri. Ameshaambiwa kuwa maji hayaendi, na ameshaamua chanzo ni nini: nywele. Akilikuta sinki bado limeziba, kazi ya kusuka ndani ya nyumba yake imekwisha. Mama Pacha alimwonyesha kipande cha pazia kuukuu anachofunika tundu la sinki kila anapoosha kichwa cha mtu, kisha mfuko anaokusanyia kila unywele unaodondoka. Msimamizi alitazama, akasema yeye anatumwa tu.

Wenye nyumba wamejaliwa bahati hiyo. Kosa likitafutwa halipandi ngazi, huteremka hadi limkute mpangaji. Mwaka uliopita huyu bwana alifumua paa akaongeza chumba cha juu, kodi ikapanda pamoja na ngazi, lakini bomba la maji machafu likabaki lile lile la zamani. Fundi bomba alipoitwa alichungulia tu kutoka mlangoni, akataja bei iliyomfanya Mama Pacha acheke kwa uchungu. Mwenye nyumba naye alijibu kwa simu kwamba aliyeziba ndiye azibue.

Basi Mama Pacha akachukua pampu yake ya kuzibulia, lile kombe la mpira lenye mpini wa mti, akakunja mikono ya gauni. Huyu mwanamke anawasomesha pacha wake kwa vidole vyake tu, na ukimtazama akifanya kazi, iwe ya nywele au ya taka, unaona raha. Hakukurupuka. Alipaka mafuta ya nywele kwenye ukingo wa mpira ili ushike vizuri, akauzamisha kiubavu ili hewa isibaki ndani, akauweka juu ya tundu. Mara ya kwanza alisukuma polepole. Kisha akaanza kuvuta kwa nguvu, maana taka haiogopi kusukumwa kama inavyoogopa kuvutwa.

Maji yakashuka. Muuguzi akaanza kufungua taulo.

Ng'ambo ya ukuta jirani yake, fundi cherehani, akapiga kelele. Maneno yake mengine hayafai kuandikwa, ila yaliyofaa yalisema kwamba sinki lake limetapika tena, na kwamba safari hii akiharibiwa suruali ya mteja patachimbika. Yeye na Mama Pacha walikuwa hawasalimiani wiki nzima. Kila mmoja aliamini mwenzake anamtilia uchafu kwa makusudi. Punde ikasikika pampu ya fundi, akizibua kwa hasira, na sinki la Mama Pacha likajaa tena mbele ya macho yake. Chumba cha juu, mke wa dereva anayeishi huko naye akaanza kupampu.

Mama Pacha akaacha mpini. Aliyatazama yale maji. Juu yake lilielea jani la chai, na yeye chai ya majani hanywi. Akakumbuka kwamba jana jani kama hilo lilipanda, likashuka, likapanda tena.

"Jamani," alisema, zaidi kwa nafsi yake kuliko kwa muuguzi. "Tunarushiana maji yale yale."

Alitoka akagonga mlango wa fundi. Fundi alifungua akiwa na tepu shingoni na uso wa mtu aliyekwisha kuandaa matusi. Hakupewa nafasi ya kuyatumia. Mama Pacha alimwamkia, akamwambia bomba lao ni moja: yeye akisukuma, nguvu inatokea kwa fundi, fundi akisukuma, inatokea kwake, na wakizuia hapa itatokea kwa huko juu. Wote wamekuwa wakipigana vita na jirani badala ya kupigana na kilichoziba. Sasa fundi azibe tundu lake kwa tambara lililolowa, alikandamize, na mke wa dereva afanye vivyo hivyo. Mmoja tu ndiye apampu.

Fundi aliivutavuta tepu yake shingoni. Ni vigumu kuaga hasira uliyoilea wiki nzima.

"Haya," alisema mwisho, akichukua tambara. "Kidole kimoja hakivunji chawa. Na chawa wewe ndiye unayewajua."

Mama Pacha akacheka, na ugomvi ukaishia hapo. Mke wa dereva, ambaye tangu ahamie hakuna aliyempandia ngazi kwa heri, alikubali hata kabla ya kumaliziwa habari. Msimamizi, aliyekuwa akimngoja bosi wake, alitakiwa afunue chemba iliyopo uani, pale bomba linapomwaga, aangalie. Alisema hajatumwa hilo. Fundi cherehani alimwambia ametumwa sasa.

Ilibaki kuziba na kusukuma kwa wakati mmoja, maana kuta zilikuwa nene na kila mtu alikuwa kwake. Hapo muuguzi akasimama mlangoni, taulo kichwani, povu likimteremka shingoni, akatoa ile sauti ya wodini.

"Zibeni! Mama, sukuma! Vuta! Pumzika. Haya tena, sukuma!"

"Mara ya mwisho kuambiwa hivyo," alisema Mama Pacha akihema, "nilitoka na wawili."

Mikono ilimuuma, mafuta yakachanganyika na jasho, mpini ukateleza akaushika kwa kanga. Bomba liliguna chini ya sakafu. Maji hayakuwa na pa kukimbilia sasa. Akavuta mara moja, kwa mwili mzima, akasukuma, na mpira ukanyonywa chini mpaka ukamshinda kuung'oa. Uani uchafu ukafumuka chembani, msimamizi akaruka nyuma kunusuru viatu vyake.

Wote walitoka kwenda kuona. Chembani kulikuwa na mafuta yaliyoganda, majani ya chai, nyuzi za fundi, mvi za mtu asiyejulikana, na katikati yake donge kubwa kama kichwa. Mama Pacha alilivuta kwa kijiti, akalisuuza kwa maji ya ndoo. Lilifunguka likawa mfuko wa saruji, umekunjwa vizuri kwa mikono ya mtu, saruji imegandia kwenye mikunjo. Mafundi waliokata bomba ili waunganishe chumba cha juu waliuchomeka humo kuzuia mchanga, wakasahau kuutoa.

Fundi cherehani alimtazama msimamizi, msimamizi akatazama funguo zake.

Mama Pacha akauchukua ule mfuko, akaufua. Aliufua kwa sabuni, mbele na nyuma, kama nguo ya mtu wa heshima. Akauanika kwenye kamba katikati ya uani. Kisha akamsuuza muuguzi kichwa, maji yakashuka yakiimba, akatoa kiti nje na kuanza kumsuka chini ya kamba ile.

Mwenye nyumba alifika kwa viatu vinavyong'aa. Alisimama mbele ya kamba.

"Nani ameanika taka hii?"

"Ni yako, mzee," alisema Mama Pacha bila kusimamisha vidole. "Mafundi wako waliisahau ndani ya bomba. Nimekufulia."

Mwenye nyumba alimgeukia msimamizi, kama ilivyo desturi. Msimamizi alimeza mate.

"Nimeiona ikitoka, bosi," alisema. "Kwa macho yangu."

Neno nywele lilikuwa limeshafika midomoni mwa mwenye nyumba. Likarudi. Badala yake alikohoa, akasema vizuri kama maji yanakwenda, na kwamba nyumba yenye bomba zuri ina thamani yake, kwa hiyo kodi nayo itabidi iangaliwe upya. Alisema hivyo bila aibu, akitazama sinki kupitia mlangoni kana kwamba amelizibua yeye. Fundi cherehani alitema mate pembeni. Mke wa dereva alikaa kwenye ngazi, hakuingia ndani.

"Na hicho kitoeni hapo," alisema mwenye nyumba.

"Hakijakauka, mzee," alisema Mama Pacha, akagawa nywele za muuguzi na kuanza mstari mwingine.