Harusi ya Ijumaa Huanza Alhamisi

Ambuja alikuwa na miaka hamsini na sita, na ishirini na miwili kati ya hiyo aliimalizia kwenye kiti kimoja, katika kampuni ndogo ya programu mtaa wa Basavanagudi, Bengaluru. Wenzake walitunga programu, yeye akiandika maelezo ya kuzitumia. Alijisifu, tena bila haya, kwamba hajawahi kuacha jambo nusunusu. Haya, ngoja usikie.

Mwaka huo kampuni iliunda wakala wa akili mnemba kwa ajili ya kumbi za harusi. Familia ikituma ujumbe, wakala anausoma, anachagua zana, iwe ya kutazama tarehe, ya kukodisha au ya kufuta, kisha anajibu mwenyewe. Mwalimu hana, isipokuwa maelezo yaliyoandikwa juu ya kila zana. Kwenye zana ya kukodisha Ambuja aliandika: "Hukodisha ukumbi kwa tarehe iliyotajwa." Akaona imetosha, akaenda kunywa kahawa.

Jumatatu moja akaingia Nanjundappa, mwenye ukumbi wa kwanza kukubali majaribio, amefura kwa hasira. Wakala alikuwa ametoa Alhamisi jioni kwa karamu ya uchumba ya watu fulani, na Ijumaa akawapa wengine harusi. Bahati nzuri mzee alikuwa hajamthibitishia yeyote. Lakini jamani, nani asiyejua kwamba harusi ya Ijumaa huanza Alhamisi saa kumi alasiri? Jioni hiyo ndipo wageni huja kuwapongeza maharusi na kula, ndoa ifungwe asubuhi. Isitoshe, wakala alikuwa akimtangazia kila mama mwenye binti kwamba mwezi wa Ashadha uko wazi siku zote, mwezi wenye mkosi kwa ndoa, ambao hata mwendawazimu hamwozi bintiye! Mama mmoja alimpigia mzee simu kumuuliza kama anamtakia mwanawe mabaya.

"Nawapa mpaka Jumamosi," alisema. "Baada ya hapo narudi kwenye daftari langu."

Alipotoka, Pruthvi, bosi aliyeweza kuwa mwanawe Ambuja, alifunga mlango. "Mama, usinielewe vibaya," alisema akitazama sakafu. "Ukumbi huu ukituponyoka, dawati lako sina namna ya kulitetea. Mashine itajiandikia maelezo yenyewe."

Pruthvi hakusubiri hata Jumamosi. Aliiamuru mashine hapo hapo, nayo ikaandika kurasa kumi safi, zenye kila kilichomo ndani ya programu. Jioni ya Alhamisi haikuwemo, kwa kuwa hata programu haikuijua.

Ambuja akafungua kumbukumbu za wakala. Wakala alikuwa amejieleza vizuri tu: maelezo hayakutaja saa, kwa hiyo siku aliihesabu kuanzia saa sita usiku. Mama wa watu aliona aibu. Yeye mwenyewe aliolewa katika ukumbi kama ule, na jioni ya kuamkia ndoa alisimama jukwaani mpaka miguu ikamvimba. Jambo alilolijua kuliko yote ndilo hakuliandika. Usilolijua ni usiku wa giza, na gizani humo ni yeye aliyemwacha wakala.

Kesho yake alikwenda ukumbini, akaketi na Nanjundappa karibu na masufuria makubwa. Akamwomba amchukulie wakala kuwa mkamwana aliyeletwa jana kutoka mbali: mwerevu, mtiifu, hajui desturi hata moja ya nyumba hii, na baya zaidi, ni wa kukisia badala ya kuuliza. Mzee alidhani anachezewa shere. Kila swali alijibu kwamba hilo linajulikana, naye Ambuja akauliza linajulikana na nani. Walibishana hivyo asubuhi nzima. Ila walipofika kwenye wali na sambar, ule mchuzi wa dengu, juu ya majani ya mgomba, mzee alikuwa ameshanogewa, akawa anamfuata Ambuja hata anakonawa mikono, akizidi kumweleza. Wapishi lazima waingie kabla ya wageni. Vyumba vya chini ni vya watu wa bwana harusi, na ukivigawa vibaya patakuwa na vita. Mwingine akifuta harusi, jioni ya kuamkia ndoa nayo ifutwe.

Siku tatu Ambuja aliandika: kila zana inafanya nini, haifanyi nini, isiguswe lini, na mfano mmoja wa ujumbe wa kweli. Chini ya zote aliweka sentensi moja: "Jambo lisipoandikwa hapa, usikisie. Muulize mwenye ukumbi."

Jumamosi Nanjundappa aliketi mbele ya kompyuta, akajifanya baba wa bibi harusi. Aliomba Ijumaa ile ile. Wakala akamjibu kwamba jioni ya kuamkia siku hiyo imeshachukuliwa, basi harusi haitawezekana, akampa Jumapili. Mzee akaguna. Halafu, kwa ujanja wake, akaomba ukumbi katika Ashadha, kwa ajili ya mama yake kutimiza miaka themanini. Ambuja akasogea karibu na skrini, kwa sababu habari za siku ya kuzaliwa hakuziandika popote.

Jibu likaja: "Najua harusi haziwekwi Ashadha. Kuhusu siku ya kuzaliwa sina maelezo. Namuuliza mwenye ukumbi, tafadhali subiri."

Simu ya Nanjundappa ikalia mfukoni. Akaitoa, akaisoma taratibu, akacheka mpaka akavua miwani.

"Mpwa wangu amefanya kazi miaka tisa pale ukumbini," alisema, "hajaniuliza kitu hata siku moja."

Mkataba aliutia saini, lakini kwanza aliongeza sharti moja kwa mkono wake: maneno yote yahusuyo ukumbi wake yaandikwe na mama huyu, na si mwingine. Pruthvi alilisoma, akasema kwa uso mkavu kwamba ndivyo alivyopanga tangu mwanzo.

Ambuja alimwacha aseme. Alikuwa na furaha kubwa mno, hakutaka kuipunguza kwa kumsahihisha mtu.