Picha ya Sun-im Kileleni Taebaek

Basi la wapanda mlima lilitoka Seoul kabla ya jua, na Pyo Sun-im akalala mpaka Taebaek, kichwa kikigonga dirisha. Alikuwa amechukua likizo ya siku moja. Kwenye kampuni yao ya gundi ya viatu walimuuliza anakwenda na nani, akasema peke yake, nao wakamwangalia kwa huruma kama mtu aliyetoka kupokea majibu ya hospitali.

Alichokitaka hakikuwa kikubwa: picha yake mwenyewe, kando ya jiwe la kileleni lenye jina la mlima. Kila mwaka mpya kampuni nzima ilipanda mlima ule kwa amri, na kila mwaka Sun-im, kwa kuwa cheo chake kilikuwa cha chini kuliko vyote, ndiye aliyebeba tambi za chakula cha wote na kushika kamera. Ukuta mzima wa ofisi umejaa picha hizo, na yeye hayumo hata katika moja. Mama yake aliwahi kumuuliza kama kweli ameajiriwa.

Kwenye geti la hifadhi alifunga meno ya chuma chini ya viatu, akaitia simu ndani ya koti pamoja na kifuko cha joto isije ikazimwa na baridi, akaanza kupanda. Theluji ilifika magotini. Alipanda akiwa na furaha ya kweli, furaha ya mtu asiyebeba tambi za watu wengine.

Karibu na kilele, penye ile miti mikongwe iliyojipinda, alimkuta Mkurugenzi Maeng amekaa juu ya gogo. Mkurugenzi alikuwa amefariki miaka kadhaa nyuma, katikati ya karamu ya ofisi, na siku ya msiba Sun-im ndiye aliyepanga viatu vya waombolezaji mlangoni. Hakuwa amebadilika, ila theluji iliyomwangukia usoni haikuyeyuka.

"Mmechelewa," alisema. "Wengine wako wapi?"

"Niko peke yangu, Bosi."

"Peke yako? Una matatizo nyumbani?"

"Sina, Bosi."

"Unayo. Shika mfuko."

Mfuko ulikuwa mzito. Ndani mlikuwa na mapeasi, samaki wakavu na keki za mchele, vyote ambavyo wanawe humwandalia mezani kila kumbukumbu ya kifo chake, naye hajazoea kutupa chakula. Sun-im akauvaa kifuani, wake ukiwa mgongoni. Angeweza kukataa, kwani maiti hana uwezo wa kumfukuza mtu kazi, lakini wazo hilo lilimjia baadaye sana, akiwa ndani ya basi.

Waliposimama kupumzika, Mkurugenzi alitoa chupa ya pombe ya mchele, akanyoosha bakuli, na Sun-im akammiminia kwa mikono miwili kama inavyompasa mdogo wa cheo. Askari wa hifadhi akawasogelea.

"Mzee, pombe mlimani imepigwa marufuku."

"Tangu lini?"

Askari akamtajia mwaka.

"Mwaka huo nilikuwa nimeshakufa," alisema Mkurugenzi, akanywa.

Askari akafikiri, akakubali kwamba hapo hana lake. Kisha akamgeukia Sun-im. "Lakini wewe dada uko hai, na wewe ndiye unayemimina." Akamtoza faini yeye.

Kileleni watu walikuwa wamepanga foleni kulingoja jiwe. Mkurugenzi alipita moja kwa moja hadi mbele. Wenye foleni walianza kunung'unika, kisha wakaona kwamba mdomoni mwake hamtoki mvuke, wakampisha kwa heshima.

"Piga," alimwamuru Sun-im. "Jiwe lionekane lote. Na mimi pia."

Akapiga. Mkurugenzi alikuwa amefumba macho, akapiga tena. Kisha Mkurugenzi akataka nyingine akiwa ameinua ngumi, na hapo simu ikazimika kwa baridi. Sun-im akabaki ameishika, machozi yakimtoka kimyakimya.

"Binti, unalia nini?" aliuliza mama mmoja wa Busan mwenye kofia ya zambarau, aliyekuwa ameshamlisha vipande vya tango bila hata kumuuliza jina. "Nenda kasimame hapo. Simu ninayo. Babu, hebu sogea."

"Mimi hukaa katikati," alisema Mkurugenzi.

"Ushakufa, babu, bado unataka katikati?"

"Ndiyo."

"Haya, binti, mbane hapohapo. Cheka. Usiiname, unamwinamia nani?"

Watu hudhani marehemu ni wepesi, mtu unaona hadi upande wa pili. Huyu alitanua mabega akaziba kila kitu. Mama wa Busan alibonyeza, akachukua namba ya Sun-im amtumie, foleni ikapiga kelele, ikawa basi.

Picha ilimfikia Sun-im jioni, simu ikichajiwa ndani ya basi. Lilionekana jiwe, akaonekana Mkurugenzi Maeng, na nyuma ya bega lake ukachomoza mkono mmoja wenye glavu ya manjano, vidole viwili juu. Sun-im aliutazama mkono ule njia nzima. Aliupenda. Ulikuwa wake.

Jumatatu Mkurugenzi Guk, aliyerithi kiti cha marehemu, aliiona picha kwenye simu ya Sun-im, akavaa miwani.

"Ametoka vizuri. Kanenepa kidogo. Jumamosi tunapanda wote tukamsalimu. Tambi na kamera, Sun-im, unajua mwenyewe."

Akaagiza picha ichapishwe kubwa, iwekwe fremu. Ilipoletwa, wote waliizunguka.

"Huu mkono wa nani?" aliuliza.

"Wangu, Bosi."

"Unaharibu. Ukate."

Kazi zote za mkasi pale ofisini ni za Sun-im. Akaitoa picha kwenye fremu, akaweka rula, akaukata taratibu sana, asije akamjeruhi marehemu bega.