Majani Mlangoni mwa Popo

Supeet alimfuta baba yake asubuhi, kabla ya chai. Alichovya brashi kwenye rangi nyeusi, akapaka popo mmoja juu ya mgongo wa mzee pichani, wa pili juu ya gunia la udongo wa chumvi, wa tatu kichwani. Alikuwa na ganzi tu, kama mguu uliokaliwa.

Lilian, mratibu wa Maonyesho ya Popo, alikuwa amemwomba kwa upole. Upole wa watu hawa tunaujua.

"Kaka Supeet, picha ni kali, lakini sherehe ni ya popo. Na lile pango sasa ni hifadhi. Mgeni rasmi akikuta mtu anachimba mle ndani, si utaniharibia?"

"Alichimba kabla ya geti."

"Najua, kaka. Sasa geti lipo."

Lipo kweli. Zamani wafugaji walichimba mle udongo wa kulambisha ng'ombe, popo wakining'inia juu ya vichwa vyao, na hakuna aliyemrushia mwenzake jiwe. Enzi hizo wa ofisini walisema tunanuka popo. Kisha wakaja na kufuli, wakatuambia popo ni hazina na wasumbufu ni sisi. Leo wamekodi ukumbi Karatu mjini, spika zinanguruma, watoto wa shule wamevalishwa mabawa ya maboksi, na sisi tumealikwa kupiga makofi.

Mzee alikufa mwaka uliofuata geti. Hakuwahi kusimama mbele ya kamera hata mara moja. Mgongo ule kwenye picha ndio pekee uliobaki, na mjane wake alikuwa njiani kuja kuutazama.

Mchana Resiato, mama yake Supeet, akaingia ukumbini kutoka Samunge, vumbi la safari hadi kwenye kope.

"Uko wapi mgongo wake?" aliuliza. Jina hakulitaja. Kwao jina la marehemu haliitwi.

"Wamekataa, Yeyo," Supeet alimwambia mama yake.

"Na wewe?"

Supeet akampisha. Mama akaisogelea picha. Popo watupu. Chini tu, mlangoni mwa pango, ilibaki konzi ya majani mabichi. Brashi ilikuwa imeisahau.

Mgeni rasmi na msafara wake wakasimama papo hapo.

"Hapa msanii umetupiga chenga!" alisema mheshimiwa huyo. "Popo gani anakula majani? Huyu si mbuzi mwenye mabawa?"

Wakacheka. Lilian akawazidi wote.

"Si ya kula," Resiato alisema taratibu. "Ni ya kuomba. Ukitaka kuingia pale unang'oa majani, unaweka mlangoni, unasema, wenye nyumba, naja kwa amani. Wenye nyumba ndio hao popo."

"Safi sana! Mila nzuri hiyo! Na haya aliweka nani?"

"Mtu aliyeomba."

"Jina lake, mama? Nimtaje kwenye hotuba."

Resiato alimtazama mwanawe, kisha picha ukutani. Mheshimiwa akamgeukia Lilian.

"Basi tuseme majani yalijiweka yenyewe."

Wakacheka tena. Supeet alikisikia kicheko kama kinatoka nyumba ya jirani. Hakuhisi hasira. Hakuhisi kitu. Alitoa mfukoni kitambaa chenye mafuta ya taa, cha kufutia brashi, akakipitisha juu ya popo wa kwanza. Rangi ya asubuhi ilikuwa bado mbichi. Ya chini yake ilikuwa imekauka tangu masika.

"Kaka! Unafanya nini? Unafuta popo!"

"Namtafuta aliyeweka majani."

Popo akageuka tope jeusi, akatiririka ukutani. Bega likajitokeza, halafu kona ya gunia. Mheshimiwa akatazama saa yake. Watoto wenye mabawa ya maboksi wakasogea waone vizuri.

Resiato alitandaza shuka sakafuni, akaketi, akangoja mgongo wote utoke.