Tumefunga

Maji yalianza kupanda kwenye tundu la sakafu ya bafu wakati mama yangu amekaa chooni. Aliniita kwa ile sauti anayoiweka kwa ajili ya nyoka na wezi.

"Njoo! Njoo uone, choo kinarudisha!"

Nilikimbia na mwiko mkononi. Sakafu nzima ilikuwa imefunikwa na maji meusi na slipa yake moja imeshaanza kuelea. Mama alikuwa ameng'ang'ania kishikio cha chuma ukutani, gauni limepanda magotini, miguu ameiinua kidogo tu, maana nyonga iliyowekewa chuma haimruhusu kuinua zaidi ya hapo.

"Usikanyage, mama."

"Nisikanyage, nipae? Mimi ndege?"

Nilitupa mwiko, nikaingia kwenye yale maji na kumbeba. Sikuwahi kumbeba mama yangu. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani, na hilo lilinikera kuliko harufu.

Nilimlaza kitandani, nikamwosha miguu. Nikamfuta vidole kimoja kimoja.

"Usimwambie kaka yako," akasema.

Kile choo ndicho kilichomweka mama kwangu. Alipoanguka na kupasuliwa nyonga, daktari alisema kuchuchumaa basi, maisha yake yote. Kaka yangu mkubwa, anayeishi mbali, safari ya kutwa nzima kwa gari, alitaka kumchukua siku ileile. Ana nyumba kubwa, vyoo vya kukaa kila kona. Mama hakutaka. Hapa kuna kliniki anayoijua, kuna wenzake wa kupiga nao soga, na kuna dirisha lake linalotazama barabara, na kupitia hapo anaujua mtaa mzima kuliko mwenyekiti wake. Kwa hiyo nikavunja stoo, nikajenga bafu ndani, choo cha kukaa, vishikio pande zote mbili. Kaka alikuja kukikagua. Alivuta maji, akasubiri tangi lijae, akavuta tena kama mtu anayenunua gari.

"Sawa," akasema mbele ya mama. "Abaki. Lakini siku hiki choo kikileta matatizo, nakuja kumchukua, na hatubishani."

"Hatubishani," nikajibu. Nilikuwa na uhakika na choo changu.

Ambacho sikuwa na uhakika nacho ni mpaka. Nyumba yangu ndiyo ya mwisho ya wilaya. Ukitoka getini kwangu ukashuka kidogo, kwenye uchochoro, unaingia manispaa, na nyumba ya kwanza huko ni ya jirani yangu Mama Pacha. Sisi wa juu tulikuwa tunatumia mashimo ya maji taka, kila nyumba na lake, na kwa kuwa ardhi inateremka, yaliyovuja kwetu yaliibukia kwenye visima vyao. Miaka yote hiyo wakubwa wa wilaya na wa manispaa walitupiana mpira. Mwishowe walikubaliana. Manispaa italaza bomba kubwa mpaka kwetu na kujenga kituo cha pampu huko chini. Wilaya itayaua mashimo na kuunganisha nyumba zake. Mwenyekiti wa wilaya na meya wa manispaa walipigwa picha wameshika koleo moja, wakivutana nalo kidogo. Mimi nilipiga makofi. Kila mvua zikinyesha nilikuwa namwonea haya Mama Pacha na kisima chake.

Mafundi wa wilaya walifanya kazi nzuri, sitawasingizia. Walinyonya shimo, wakavunja mfuniko, wakajaza kifusi na mchanga, wakashindilia. Mama aliwasimamia akiwa dirishani.

"Mmelizika vizuri," akawaambia. "Sasa nani atalia?"

Walicheka. Wakaunganisha choo changu kwenye bomba, wakahamia nyumba inayofuata, wakapanda hivyo hivyo mpaka juu ya kilima. Siku walipounganisha ya mwisho, ndiyo siku slipa ya mama ilielea.

Nilianza na ofisi ya manispaa kwa sababu bomba ni lao. Karani wa dirishani alinisikiliza huku anachokoa meno.

"Nyumba iko upande gani?"

"Wilaya."

"Basi nenda wilaya, dada. Choo kiko kwao."

"Choo kiko kwao, mavi yako kwenu. Yamekwama kwenye bomba lenu."

Aliacha kuchokoa meno, lakini hakuinuka.

Nilimpigia injinia wa wilaya, dada mmoja mdogo kwangu kwa umri, mchapakazi, mwenye kupokea simu. Alifika mchana uleule na viatu vyeupe. Alichungulia bafuni, akarudi nyuma.

"Dada, hili haliwezekani. Laini ya chini imefungwa. Msimamizi wa manispaa aliniambia kwa mdomo wake."

"Basi niitie huyo mwenye mdomo."

"Inabidi nipitie kwa mkuu wangu, aongee na mkuu wake..."

"Injinia, mama yangu anajisaidia kwenye ndoo. Pitia popote, ila aje."

Alisogea pembeni, akapiga simu. Msimamizi alikuja kwa pikipiki, mtu mzima, mabuti mpaka magotini, na chuma chake cha kufungulia mifuniko. Nje ya geti langu kuna chemba, lile shimo la zege ambamo bomba la wilaya linakutana na bomba la manispaa. Alifunua. Lilikuwa limejaa hadi shingoni.

"Nani ameleta maji humu?" akauliza.

"Mimi," Injinia akasema. "Nimeunganisha nyumba zote."

"Umeunganisha? Si nilikwambia tumefunga?"

"Ndiyo, uliniambia mmefunga. Ndiyo maana nikaunganisha."

"Sasa mtu anakwambia amefunga, wewe unaunganisha?"

"Ulisema mmefunga bomba!"

"Tumefunga bomba! Kwa kizibo! Kituo cha pampu hakijaisha, nikaliziba hapa ili maji yenu yasishuke!"

Injinia alifumba macho. Msimamizi akabaki ameinamia chemba, chuma mkononi, kama mtu aliyesahau kilichomleta. Kutoka dirishani mama akacheka, kicheko kikavu.

"Huyu amefunga duka," akasema. "Yule akasikia amefunga feni."

Wote wawili walikuwa wamesomea kazi zao, wote wanazungumza lugha moja waliyonyonya kwa mama zao, na walikuwa wamekubaliana kabisa, kila mmoja na lake.

Mashimo hayakuweza kufufuliwa, yalishakuwa vifusi. Manispaa ilitoa gari la kunyonya, baada ya mabishano marefu kama gari lao linaruhusiwa kunyonya uchafu wa wilaya. Lilinyonya chemba, bafu langu likakauka, nikalipiga dawa mpaka macho yakaniwasha. Kesho yake asubuhi watu wa juu waliamka, wakaoga, wakavuta maji, na kila kitu kikarudi kwangu. Nilipita nyumba kwa nyumba kuwaomba. Wote walinipa pole, wote waliahidi. Lakini utamzuiaje mtu asiende chooni? Gari likija, bafu linakauka. Likiondoka, linafurika. Na mama akawa mtu wa ndoo. Nikiingia kuichukua, anageukia ukuta na kujifanya amelala. Mwanamke aliyekuwa akinifundisha kusema wazi kila kitu, sasa anajifanya amelala.

Akaanza kupunguza kunywa maji. Nilipomgombeza, akasema hana kiu.

Kaka alipiga simu yake ya kila wiki, na mama, aliyenikataza nisiseme, akasema mwenyewe. Hajui kudanganya, akiulizwa anajibu. Kaka akaomba kuongea na mimi.

"Jumamosi nakuja," akasema. Hakupandisha sauti. "Tulikubaliana."

"Wanatengeneza."

"Hatubishani, mdogo wangu. Tulikubaliana."

Ijumaa jioni, kabla jua halijazama, niliwakuta Injinia na msimamizi tena kwenye chemba yangu. Siku hizo walikuwa wanakuja pamoja, kama watu waliofiwa na mtu mmoja.

"Hicho kizibo ni nini hasa?" nikamuuliza msimamizi.

"Puto la mpira. Limejazwa upepo."

"Ukitoa upepo?"

"Yanashuka."

"Mpaka wapi?"

Alinyoosha kidole. Bomba lao lilikuwa limelazwa mpaka chini ya ukuta wa Mama Pacha, na hapo likakoma, mdomo wazi, ndani ya mtaro uliochimbwa mbele ya mlango wake. Mama Pacha alikuwa anaanika nguo. Wale pacha wake walikuwa wamekaa ukingoni mwa mtaro wakipanga vipande vya matofali, wanajenga kitu. Aliniona, akanipungia.

"Mama yetu anaendeleaje?" akauliza kwa sauti.

"Hivyo hivyo," nikamjibu.

Msimamizi alishusha sauti. "Nikitoa kidogo tu, bafu lako linakauka mpaka keshokutwa. Mtaro ni mrefu, yatatuama huko, ardhi itayanywa. Kituo kikiisha tunasafisha. Sijasema nafanya. Nasema inawezekana."

Nilimtazama Injinia. Alikuwa anatazama viatu vyake, ambavyo havikuwa vyeupe tena. Keshokutwa ilikuwa ng'ambo ya Jumamosi. Kaka angekuja, angevuta maji, yangeshuka, angevuta tena. Angerudi kwake peke yake.

"Toa," nikasema.

Msimamizi akapiga magoti, akaingiza mkono, akafungua kidude. Upepo ukaanza kutoka, fiiiii, kama tairi la baiskeli. Maji ya chemba yakatikisika, yakaanza kushuka. Nilisikia bafu langu likimeza, ile sauti ya koo, na nafsi yangu ikatulia kwa mara ya kwanza tangu siku ya slipa.

"Wewe! Funga!"

Mama alikuwa amesimama dirishani, ameshika nondo kwa mikono yote miwili. Kutoka pale anaona barabara yote, anaona mtaro, anaona pacha. Ameona wakizaliwa.

"Nimesema funga! Funga kama duka! Nani kakutuma?"

Msimamizi alinitazama mimi. Mimi nilitazama chini. Kutoka mdomo wa bomba kulikuwa kumeshatoka ulimi mweusi, unatambaa kwenye udongo wa mtaro. Mama Pacha alinusa kwanza, kisha akaona. Aliwanyakua watoto kila mmoja kwa mkono, matofali yakaporomokea mtaroni, na nguo aliyokuwa anaanika ikabaki chini.

"Funga," nikasema, lakini msimamizi alishachukua pampu ya mkono na alikuwa anajaza.

Mama Pacha hakupiga kelele. Alisimama mlangoni na watoto wake, akanitazama pale nilipokuwa nimesimama karibu na shimo, akaingia ndani. Injinia alikwenda kuzungumza naye. Mimi nilikwenda kwa mama.

"Msimamizi alikuwa anafanya kwa ajili yako," nikamwambia.

"Alikuwa anafanya kwa ajili yako wewe," akasema. "Mimi sikumwomba mtu. Nitolee begi langu, lile la zipu. Na usinipangie kama mtu wa hospitali, niwekee nguo zangu nzuri."

"Mama, wiki mbili tatu pampu itakuwa tayari."

"Basi utanifuata. Mnamwagia watoto wa watu mavi ili nibaki na dirisha? Nipe begi."

Kaka alifika Jumamosi kama alivyosema. Hakukagua choo, harufu ilimpokea getini. Hakunisimanga, na heri angenisimanga. Tulimbeba mama pamoja mpaka kwenye gari, yeye upande wa mgongo, mimi upande wa miguu, na mama akitupa sote wawili maelekezo kwa wakati mmoja. Majirani wa juu walitoka kumuaga. Mlango wa Mama Pacha ulikuwa umefungwa.

"Mama, funga mkanda," kaka akasema.

"Kama duka au kama feni?"

Kaka alinigeukia, hajaelewa. Nilijaribu kucheka, nikashindwa, nikauvuta mkanda mwenyewe na kuupachika taratibu ili usimguse nyonga.

Kituo cha pampu kilikawia kuliko walivyosema. Siku kilipowaka, Injinia alinipigia mwenyewe.

"Dada, tumefungua."

"Mmefungua nini? Sema kwa kirefu."

"Kizibo kimetolewa, kiko nyuma ya gari letu, nakiona. Bomba limefika kituoni, pampu inasukuma. Vuta maji."

Nilikwenda bafuni, lakini kabla ya kuvuta nilimpigia mama.

"Pampu iko tayari," nikamwambia.

"Vuta nisikie."

Nikaisogeza simu kwenye tangi, nikavuta. Maji yalizunguka, yakashuka, yakaenda. Nikasubiri nikitazama tundu la sakafu. Halikutoa kitu.

"Yamekwenda?"

"Yamekwenda, mama. Nakuja kukuchukua mwisho wa mwezi."

Nyuma yake nilisikia sauti ya kaka, ya upole, inamwambia kliniki ya huko wamempangia tarehe, asijichoshe kwa kusimama.

"Mama Pacha ameshaongea na wewe?" mama akauliza.

"Bado."

"Anza na hapo," akasema. "Mimi naitwa huku."

Akakata. Nilichukua ndoo, dawa na koleo, nikashuka uchochoroni kwenye ule mtaro, ambao walikuwa bado hawajaufukia. Nilibisha mlango wa Mama Pacha. Nilisikia pacha ndani, nikasikia akiwanyamazisha. Nikabisha tena.