Nukta Nyekundu za Mkono wa Kushoto

Wenzake wa bendi walimwita Tiktaki kwa sababu mdundo wake haukuwahi kuyumba. Sasa mwanamke aliyezoea kusifiwa hivyo akianza kuchelewa, huogopa mara mbili ya mtu mwingine.

Kwa wiki tano alikuwa akichelewa. Hakuambiwa na mtu, aliambiwa na kompyuta. Ngoma zake ni za umeme: vibao vya mpira vilivyofungwa kwenye vyuma, na waya mmoja unaokwenda hadi kwenye kompyuta ya mezani. Humo mna programu inayomhesabia mdundo masikioni, inamrekodi, kisha kila pigo inaliwekea nukta. Likiwa sawa, kijani. Likichelewa, nyekundu. Kila Jumamosi inajumlisha wiki nzima. Kibao cha kulia kilikuwa kijani kitupu. Cha kushoto kilianza na wekundu kidogo, ukazidi kila wiki, na wiki hii kilikuwa kama kimemwagiwa pilipili.

Alisingizia kiti. Akanunua waya mpya. Akalaumu hata joto, maskini. Lakini kila aliposhika kijiko alikikodolea macho, maana baba yake alianza kuugua kwa kuangusha kijiko. Alikuwa seremala. Mkono wake wa kushoto ulianza kuwa mzito, halafu ukatetemeka, na baada ya miaka minne hakuweza kufunga vifungo vya shati. Daktari aliwaambia ugonjwa ule wakati mwingine hutembea ndani ya damu ya ukoo. Watoto walikuwa wawili, Tiktaki na kaka yake, na tangu siku hiyo hawakulizungumza tena.

Kaka mtu ni kinyozi, duka lake liko chini ya ghorofa anakoishi Tiktaki. Mtaa mzima humwita Shoto kwa kuwa wembe anaushika kwa kushoto. Ndiye aliyemfundisha mdogo wake kupiga ngoma, juu ya makopo. Vibao vya mpira alipoviona alicheka. "Ngoma haina ngozi? Hiyo ni meza." Kila mchana hupanda na ufunguo wake kupasha chakula, Tiktaki akiwa kazini kwenye kaunta ya vifurushi. Na kila Jumamosi saa kumi humnyoa dada yake shingoni.

Tiktaki hakumwambia neno. Mficha maradhi kifo humuumbua, anajua, lakini kifo kilikuwa mbali na aibu ilikuwa karibu. Jumamosi hiyo akampigia simu fundi aliyemwekea programu.

"Fundi, programu yako inanisingizia."

"Programu haina chuki na mtu, dada. Wala haijui mkono, inajua kibao tu. Wewe pishanisha mikono. Wekundu ukibaki kushoto, kibao kimechoka, niletee. Ukihamia kulia, basi..."

"Basi nini?"

"Basi ni mkono. Upumzishe kidogo."

Aliosha vyombo vilivyokuwa safi. Akakunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Saa tisa na nusu visingizio vikaisha, akakaa kwenye ngoma. Akapishanisha mikono, akapiga kwa dakika nzima huku amefumba macho.

Alipofumbua, kulia kulikuwa kijani. Kushoto, kijani. Akarudia bila kupishanisha, kijani vilevile. Mikono mizima, kibao kizima. Alimshukuru Mungu kwa sauti, akacheka peke yake huku akijifuta machozi.

Angeishia hapo angelala vizuri. Ila wekundu wa wiki tano ulitoka wapi? Kwa mara ya kwanza akaacha jumla ya wiki, akafungua rekodi mojamoja. Zake za jioni zote zilikuwa kijani. Katikati yake kulikuwa na nyingine. Jumanne, saa saba na dakika kumi mchana. Alhamisi, saa saba na robo. Saa hizo yeye hupima vifurushi vya watu.

Akaisikiliza ya Alhamisi. Haikuwa muziki. Ilikuwa kibao cha kushoto peke yake, pigo mojamoja, dakika tano, bila pambo lolote. Mtu anayejiburudisha hapigi hivyo. Hivyo hupiga mtu anayejipima.

Hofu iliyokuwa imeshafika mlangoni ikarudi ndani, na mara hii ilikuwa kubwa zaidi.

Shoto aliingia na taulo begani. "Kaa tukunyoe. Akili ni nywele, ila hizi zako zimeizidi akili."

Alikaa, kompyuta akaiacha wazi. Wembe ukagusa nyuma ya sikio, ukaondoka, ukagusa tena. Kwenye kioo cha ukutani alimwona kaka yake ameushika mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia.

"Usitikisike," Shoto alisema.

"Sijatikisika, kaka."

Wembe ukasimama. Shoto aliinua macho, akaona nukta nyekundu zimejaa kwenye kompyuta. Akaukunja wembe polepole, akauweka mezani.

"Nilidhani nimezifuta," alisema.

"Wateja wanajua?"

"Jumatano nimemkata mmoja. Padogo tu." Akaketi kwenye kiti cha ngoma. "Nilitaka mashine iniambie si kweli."

"Jumatatu tunakwenda kwa daktari. Wote wawili. Duka utalifunga."

Shoto alitikisa kichwa kukubali. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo ambayo dada yake hakuwahi kuisikia, "Baba alianza akiwa na miaka mingapi?"

"Sikumbuki," alisema Tiktaki.

Anakumbuka vizuri sana. Arobaini na moja, na kaka yake aliitimiza mwezi uliopita.