Aliyenivusha ni Baiskeli

Mimi sikuwahi kumchukia Cornel. Watu wanasema hivyo kwa sababu watu hawana kazi. Nilichochukia ni baiskeli yake, na ile tabia ya kubana suruali mguuni kwa kibanio cha kuanikia nguo, kisha anapita nacho barabarani, mtu mzima, karani wa serikali. Mwanangu Ruthu alimpenda na kibanio chake. Mimi nikasema mwanangu haolewi na mtu wa pedali, na nikasema mbele ya watu.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Kila kitu kiliruhusiwa kuuzwa na kila mtu alikuwa na cha kuuza, isipokuwa Cornel. Charles alianza na katoni moja ya sabuni, sasa ana pikapu. Naye alimtaka Ruthu. Akinikuta njiani ananipakia mbele, mlango ananifungia mwenyewe. Sasa niambie, mama gani angechagua keria ya baiskeli?

Kikao cha kujibu posa ya Cornel kiliitishwa Jumamosi, Miyuji, kwa kaka yangu Bartolomayo, ambaye tangu mume wangu afariki ndiye msemaji wetu. Kaka alikuwa ameshalainika. Washenga wa Cornel walimpelekea asali, na kaka kwa asali hana msimamo. Akanitumia salamu: njoo mapema, asiyekuwepo na lake halipo. Nilikuwa na neno moja tu la kwenda kusema, nalo ni hapana. Nisingefika, wangesema ndiyo siku hiyo hiyo.

Charles akaja kunichukua Nzuguni. Tuliondoka jua kali. Mvua za kwanza huku kwetu hazibishi hodi. Ulianza upepo na vumbi jekundu, mabati ya watu yakalia, halafu mawe ya mvua yakaanza kulipiga bodi la gari, na kila jiwe Charles anaguna kana kwamba limempiga yeye. Tukafika korongoni. Asubuhi mbuzi walikuwa wamelala humo ndani. Sasa maji yanashuka kwa fujo, rangi ya chai ya maziwa, yanasukuma magogo.

Charles akazima gari. Akatazama maji, akatazama dashibodi.

"Mama, maji yakiingia kwenye injini ni hasara. Tusubiri yapungue."

"Yatapungua lini?"

"Kesho asubuhi yatakuwa yamepungua."

Akapandisha kioo. Nilimtetea moyoni, gari ni mali. Lakini nilikaa mle ndani nikimwona kaka Bartolomayo analamba vidole.

Mvua ilipotulia, nani akatokea nyuma yetu? Cornel, anatoka kazini, ameloa chapachapa, kibanio mguuni. Akasimama dirishani kwangu, macho chini, inavyompasa kijana mbele ya mama wa msichana anayemposa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Na wewe unavukaje?"

"Nakokota baiskeli, mama, pale juu kwenye mwamba. Gari halipiti, mtu anapita."

Niliona aibu kuomba. Anibebe vipi? Kwetu mkwe na mama mkwe hawagusani hata kidole, na huyu alikuwa anautaka huo ukwe kwa udi na uvumba. Nadhani alinisoma.

"Kaa kwenye keria, mama. Mimi nitashika usukani. Sikubebi mimi, inakubeba baiskeli."

"Unajua ninakwenda kusema nini huko?"

"Najua, mama."

"Na bado univushe?"

"Nikikuacha hapa nikaoa, kila mvua ikinyesha utanikumbusha."

Jibu hilo liliniudhi, kwa sababu ni kweli ningemkumbusha.

Charles akateremsha kioo kidogo. "Cornel, mwangalie mama yangu vizuri," akasema, akakipandisha.

Nikapanda. Katikati ya maji gurudumu la mbele likagonga jiwe, baiskeli ikayumba. Mikono yangu haikuniuliza. Nilimkumbatia Cornel shingoni, nikafumba macho, nikamwita Yesu kwa Kigogo. Niliogopa, sifichi.

Ng'ambo walikuwa wamesimama wanawake wa kwaya, maji yamewazuia. Mbele yao Evelina, ambaye ukimwambia siri Miyuji unaikuta mtaa wa Kikuyu inakusubiri.

"Mbukwenyi," akatusalimu polepole, akiitazama mikono yangu. Ndipo nikagundua bado iko shingoni kwa mtu, na tuko nchi kavu.

Cornel alinisukuma hadi Miyuji ndani ya matope, hasemi kitu. Nilitamani aseme hata neno moja baya, nipate nguvu. Akaniacha mlangoni, akarudi kusimama barabarani, maana mposaji haingii kikaoni. Evelina alikuwa amekata njia ya mashambani, akatuwahi.

Nikaingia nachuruzika maji. "Nimekuja kusema neno langu," nikasema.

"Subiri, Angelina," kaka Bartolomayo akasema. "Evelina amepita hapa. Anasema amekuona umemkumbatia kijana wa watu korongoni."

"Maji yalikuwa mengi."

"Maji sijayauliza. Nauliza kijana. Ukisema hapana, basi huyo si mkweo. Na kama si mkweo, ni nani wako, mpaka mjane mzima umshike shingo hadharani?"

Wazee wakatazama chini. Mzee Matonya alikohoa kikohozi cha mtu anayezuia kicheko.

"Na kama ni mkwe?" nikauliza.

"Kama ni mkwe, mmevunja mwiko. Atatozwa faini, yaishe."

Jikoni Ruthu alikuwa anaosha vyombo. Sauti ya vyombo ikakoma. Nikamfikiria Charles kule korongoni, ameketi nyuma ya kioo chake, mkavu. Neno langu la hapana nililolilinda njia nzima nilikuwa nalo bado mdomoni, na hapakuwa na mahali pa kulitema.

"Kijana yuko barabarani," nikasema. "Mwambieni faini yake ni mbuzi. Jike. Na amlete kwa kamba, asimpakie kwenye keria. Pale nimeshakaa mimi."